Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno "meticulous" na hofu iliyojificha ndani yake

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri, Kiingereza na Kiswahili, kutwa nzima. Kuna maneno machache ambayo wanafunzi na wafasiri wenzangu huniuliza tena na tena, na hili linaongoza. Wengi hushtuka wakiambiwa kwamba neno wanaloliandika kwenye barua za kuomba kazi lilianza maisha yake likimaanisha mwoga. Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Nimejibu kwa urefu pale palipo na mengi ya kusema, na kwa ufupi pale ambapo sentensi mbili zinatosha.

"Meticulous" maana yake nini leo?

Humweleza mtu anayefuatilia jambo dogo kwa dogo bila kuchoka: mhasibu anayehakiki risiti moja moja, fundi saa aliyeinamia gurudumu dogo kuliko punje ya mtama, muuguzi wa chumba cha upasuaji anayehesabu vitambaa vyote kabla daktari hajashona. Ni sifa njema. Hata hivyo, kamusi nyingine za Kiingereza bado zinaeleza kwamba uangalifu huo ni mkubwa mno, au umepita kiasi. Huko "kupita kiasi" ni mabaki ya maana ya zamani.

Asili yake ni ipi?

Ni Kilatini. "Metus" ni hofu, na kitenzi chake "metuere" ni kuogopa. Kutokana na "metus" Warumi waliunda "meticulosus", yaani aliyejaa hofu. Kiishio hicho kirefu kiliigwa kutoka neno jingine walilokuwa nalo tayari, "periculosus", lenye maana ya "-a hatari". Kwa hiyo hofu ilivishwa nguo ya hatari, na maneno hayo mawili yakawa yanasikika kama ndugu.

Mwandishi wa michezo ya kuigiza Plautus, aliyefariki mwaka 184 KK, analitumia kwa namna mbili zinazofaa kuangaliwa kwa karibu. Katika mchezo wake *Amphitruo*, mtumwa Sosia anatembea peke yake usiku akiwa na taa, anatoka bandarini kwenda nyumbani kwa bwana wake. Mungu Mercurius anamvizia mlangoni, na akimwona anavyotetemeka anasema hakuna mtu "meticulosus" kama huyu. Hapo neno linamhusu anayeogopa. Katika *Mostellaria*, mchezo wake mwingine, linahusu kinachoogopwa: kwenda mbele ya hakimu kunaitwa jambo "meticulosa". Kiswahili hakiruhusu mchanganyiko huo. Sisi tuna mwoga upande mmoja na cha kutisha upande wa pili, na hakuna anayeweza kuvichanganya. Kwa Mrumi, hofu ilikuwa kama harufu inayojaa chumba kizima, ikimshika mtu na kitu kwa pamoja.

Je, lina uhusiano na "mita", kwa kuwa linahusu vipimo na usahihi?

Hapana. Mita imetoka katika Kigiriki "metron", kipimo. Kufanana kwa herufi tatu za mwanzo, "met", ni bahati tu. Wanaoliunganisha neno hili na rula na futikamba wanajitungia asili inayopendeza lakini isiyokuwepo.

Lilipoingia Kiingereza lilimaanisha nini?

Liliingia katika karne ya 16, wakati wasomi wa Uingereza walipokuwa wakichota maneno ya Kilatini kwa ndoo. Liliingia na maana yake ya asili: mwenye hofu, mwoga. Halikushika mizizi. Ilipofika mwaka 1700 au hapo karibu lilikuwa limeshakufa, kama maneno mengine mengi ya wasomi yaliyokuwa yanajulikana na wenye vitabu tu.

Basi lilifufukaje?

Lilirudi kwa mlango wa Ufaransa. Wafaransa walikuwa na "méticuleux", na kwao neno lilikuwa limesogea hatua moja: halikumaanisha tena mwoga wa gizani kama Sosia, lilimaanisha mtu anayehangaishwa na mambo madogo kwa kuogopa kukosea. Hofu ilikuwa bado imo, ila imepungua kimo. Sasa mtu hakuogopa jambazi wala hakimu, aliogopa nukta iliyokaa vibaya. Waingereza walilipokea kwa maana hiyo mnamo miaka ya 1820.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa, maana hapa ndipo uzuri wa historia yote ulipo. Kati ya "anaogopa" na "yuko makini" kuna daraja, na daraja hilo ni "anaogopa kukosea". Ukimtazama kwa nje mtu anayeogopa kukosea, humwoni akitetemeka. Unamwona anahesabu, anarudia, anafuta, anaanza upya. Watu wakaanza kuliita neno kwa kile walichokiona, na kile kilichokuwa moyoni mwa mtu kikasahaulika. Kufika karne ya 20, Kiingereza kilikuwa na sifa mahali palipokuwa na kasoro.

Hakuna aliyepinga?

Alikuwepo, tena kwa sauti kubwa. H. W. Fowler, mwalimu aliyegeuka kuwa mwandishi wa kamusi, alichapisha mwaka 1926 kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza, *A Dictionary of Modern English Usage*. Humo aliwashambulia waandishi wa magazeti wa Uingereza waliokuwa wamelipenda neno hili na kulitumia kumaanisha uangalifu tu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu aliyesoma Kilatini shuleni anajua "metus" ni hofu, sasa iweje alitumie neno mahali ambapo hapana hofu yoyote? Kiingereza kina maneno mengine ya uangalifu, akasema, watumie hayo.

Alikuwa sahihi?

Kwa historia, ndiyo. Kwa lugha, hapana, na ninasema hivyo nikimheshimu. Lau tungelazimika kulitumia kila neno kwa maana ambayo lilizaliwa nayo, Waingereza wasingeweza hata kusema "careful". Katika Kiingereza cha kale "cearu" ilikuwa huzuni, na aliyeitwa "careful" alikuwa mtu aliyejaa majonzi. Kutoka majonzi likahamia kwenye wasiwasi, kutoka wasiwasi likafika kwenye uangalifu. Neno "nice" nalo lilitoka Kilatini "nescius", asiyejua. Lilipita upumbavu, likapita uwoga, likapita uchaguzi wa mambo na usahihi mkali, hadi likatulia kwenye "zuri" katika karne ya 18. Njia hiyo inayotoka kwenye udhaifu wa moyo kuelekea kwenye sifa imepitiwa na maneno mengi, na "meticulous" lilifuata nyayo tu.

Ninachokubaliana na Fowler ni kwamba tukisahau kabisa hofu iliyomo tunapoteza kitu. Nitakirudia kitu hicho mbele.

Lugha nyingine za Ulaya zimelifanyia nini?

Kihispania kina "meticuloso", Kireno vilevile, Kiitaliano "meticoloso". Kinachonigusa mimi ni kwamba Kihispania kinaita hofu yenyewe "miedo" na Kireno kinaiita "medo", na yote mawili yametokana na "metus" ileile. Ina maana Mreno anabeba mzazi na mtoto katika mdomo mmoja bila kuona sura zao zinavyofanana. Wareno walituachia pwani meza, leso na bendera. Hofu yao hawakutuachia jina lake, na sidhani tulilihitaji, maana sisi hofu tulishaipokea kwa Kiarabu.

Kuna neno jingine la Kiingereza la uangalifu uliopita kiasi lenye asili kama hii?

Lipo, na kwangu ndilo bora zaidi: "scrupulous", pamoja na nomino yake "scruple". Katika Kilatini "scrupus" ni jiwe lenye ncha, na "scrupulus" ni kijiwe. Kila aliyewahi kutembea na kandambili kwenye barabara ya changarawe anaijua habari hii. Kijiwe kinaingia kati ya unyayo na mpira. Hakikuumizi kiasi cha kukulaza, ila kila hatua unakisikia. Unajaribu kukipuuza, unashindwa. Unakanyaga kwa upande, unatembea kama mtu aliyevunjika, na mwisho unasimama katikati ya njia, unashika ukuta wa mtu, unavua.

Cicero, wakili na msemaji maarufu wa Roma, alikitumia kijiwe hicho mahakamani mwaka 80 KK, akiwa na umri wa miaka 26, alipomtetea Sextus Roscius aliyeshtakiwa kwa kumuua baba yake. Alimlenga Chrysogonus, mtu mwenye nguvu aliyekuwa ametwaa mali ya marehemu, akasema mtu huyo anawaomba mahakimu wamng'oe kijiwe kinachomchoma moyoni usiku na mchana. Kijiwe hicho kilikuwa Roscius mwenyewe, kwa sababu alikuwa bado hai. Zaidi ya miaka elfu mbili imepita na picha ile bado inachoma.

Neno hilohilo likawa pia kipimo cha waganga na wauza dawa wa Ulaya. "Scruple" moja ilikuwa punje 20, yaani takriban gramu 1.3, na zilihitajika 24 kufanya aunsi moja ya dawa. Shakespeare anaitumia kwa maana hiyo katika tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili tunaijua kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Shylock, mkopeshaji anayedai kukata nyama ya mwili wa mdeni wake, anaonywa kwamba akikata nyama ikazidi au ikapungua hata kwa sehemu ya ishirini ya "scruple" moja, amekwisha. Katika *Hamlet* neno linarudi kwenye moyo: mwana wa mfalme anajiuliza kama kilichomzuia kutenda ni kijiwe cha uwoga, cha kufikiri kupita kiasi juu ya matokeo. Shakespeare aliiona wazi ndoa ya hofu na uangalifu.

Je, uangalifu huu unaweza kuwa maradhi?

Unaweza, na watu wa dini ndio waliouandika mwanzo. Wakatoliki wana neno maalumu kwa hali ya kuona dhambi kila mahali, kwa Kiingereza "scrupulosity", la kijiwe kilekile. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliupitia mwaka 1522 katika mji wa Manresa, Hispania. Alikuwa ameungama dhambi za maisha yake yote, kwa maandishi, lakini kila siku alikumbuka nyingine, akarudi, akaungama tena. Ilifika mahali akawa na mawazo ya kujirusha ndani ya shimo lililokuwa chumbani mwake. Baadaye, katika mafundisho yake, alitoa mfano wa mtu anayekanyaga vijiti viwili vya nyasi kavu vilivyolala kwa umbo la msalaba, kisha anajihukumu kwamba ametenda dhambi. Anayeandika hivyo ni mtu aliyeonja.

Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda Manresa. Tuna neno letu, wasiwasi.

Leo wasiwasi ni mashaka ya kawaida: nina wasiwasi na mvua, nina wasiwasi na nauli. Lakini Kiarabu "waswasa" ni kunong'ona. Katika ushairi wa zamani wa Waarabu ni ule mlio mwepesi wa vito vya mwanamke anapogeuka. Katika sura ya mwisho ya Kurani, Suratun-Nas, tunafundishwa kuomba kinga dhidi ya mnong'onaji anayenong'ona vifuani mwa watu kisha akarudi nyuma. Wanazuoni wakalitumia neno hilo kwa mtu ambaye udhu wake, yaani kule kujiosha kabla ya sala, hauishi.

Nimekulia Tanga, na nilimwona mtu huyo kwa macho yangu. Alikuwa mzee wa heshima, tukimwita babu. Anakaa kwenye kikalio cha saruji mbele ya bomba, anaosha mguu wa kulia mpaka kifundoni, anapitisha kidole kati ya vidole vya mguu, anasita. Anatazama kisigino. Anarudia. Maji yanatiririka kwenye mfereji, iqama inasomwa ndani, vijana tunapita nyuma yake tukikimbilia safu, naye bado ana kisigino mkononi. Siku moja imamu alitoka, akachuchumaa karibu naye na kumwambia kwa upole, "Babu, yakini haiondolewi na shaka." Ni kanuni ya fiqhi, yaani sheria ya dini, inayojulikana sana. Kuna na hadithi ya Mtume, iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, kwamba anayedhani udhu umemtoka ndani ya sala asiondoke mpaka asikie sauti au anuse harufu. Yule mzee alifunga bomba, akainuka. Sisemi alipona siku ile. Nasema nilielewa siku ile kwamba uangalifu una mahali pa kukoma, na kwamba kuna watu hawapaoni.

Je, "makini" ni tafsiri sahihi ya "meticulous"?

Kwa matumizi ya leo, mara nyingi ndiyo. Lakini angalia tofauti ya mizizi. "Makini" ni Kiarabu "makin", aliyesimama imara, mwenye nafasi thabiti. Katika Sura Yusuf, mfalme anamwambia Yusuf kwamba leo yeye kwao ni "makin", mwenye cheo, na mwaminifu. Ndugu yake wa karibu katika Kiswahili ni "yumkini". Kwa hiyo mtu makini wa Kiswahili ni yule ambaye miguu yake imekaa chini barabara. Yule wa Kiingereza, kwa asili, ni yule ambaye miguu inamtetemeka. Wote wawili wanahesabu vitambaa vya upasuaji kwa hesabu ileile, lakini lugha zimewaingia kwa milango miwili inayotazamana.

Ndiyo maana nasema Kiswahili kimetangulia kwenye jambo hili. Kiingereza kilihitaji karne kadhaa kulitoa neno lake kwenye hofu. Letu tulilipokea likiwa limesimama.

Hatuna basi neno letu la uangalifu uliozaliwa na hofu?

Tunalo, na halitoki Arabuni. Ni kitenzi "kucha", si kule kupambazuka, ni kuogopa kwa heshima. Kinaishi katika kumcha Mungu na katika mcha Mungu. Ukikiongezea kauli ya kutendea unapata "kuchelea", kuogopa jambo lisije likatokea. "Nachelea kumwambia, asije akakasirika." Hapo hofu na tahadhari ziko katika neno moja, kama zilivyokuwa katika "méticuleux" ya Kifaransa. Na wahenga walishaona hatari yake waliposema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi wa methali hiyo si katili wala mvivu. Ni mwangalifu kupita kiasi.

Nasikitika kuona kuchelea kunapotea katika maandishi ya vijana, nafasi yake ikichukuliwa na "naogopa" kwa kila kitu. Kumuogopa simba na kuchelea kumuudhi shangazi si jambo moja.

Nitalitafsirije kwenye barua au wasifu wa kazi?

Andika "makini", au "mwenye kufuatilia kila jambo kwa undani", au "mwangalifu sana katika kazi". Usiende kwenye asili ya neno. Niliwahi kuletewa kuhariri barua ya kumpendekeza muuguzi ambayo mfasiri alikuwa ameandika "mwenye wasiwasi juu ya mambo madogo". Alikuwa ametafuta maana katika kamusi kwa nia njema kabisa, akakuta ile maana ya kati, ya karne ya 19. Lau barua ile ingetoka vile, dada yule angesomwa kama mtu asiyefaa kushika sindano. Kwa "scrupulous" tumia "mwadilifu" kama habari ni ya fedha au ukweli, na "makini" kama habari ni ya usafi au vipimo.

Mbona siku hizi naliona kila mahali kwenye Kiingereza?

Hujakosea. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza tathmini zinazoandikwa na wataalamu kuhusu makala za mikutano ya akili bandia. Walikuta maneno machache, "meticulous" likiwemo, yameongezeka ghafla baada ya ChatGPT kutolewa mwishoni mwa 2022. Mashine zinalipenda neno hili kama wale waandishi wa magazeti waliomkera Fowler. Ukiandika Kiingereza mwenyewe, litumie pale tu unapoweza kuonyesha jambo dogo lililofuatiliwa.

Nikilikuta katika maandishi ya zamani, nifanyeje?

Tazama mwaka kwanza. Likiwa katika maandishi ya kabla ya 1700, ni "mwoga" au "mwenye hofu", na ukiandika "makini" umegeuza maana juu chini. Likiwa la karne ya 19, soma aya nzima: mara nyingi mwandishi anamlaumu mtu, na hapo tumia "kuchelea", kwa mfano "karani aliyechelea kila nukta". Kuanzia karne ya 20 unaweza kuandika "makini", ila mwandishi akiwa ni mtu aliyesoma Kilatini, soma aya hiyo mara ya pili kabla hujaendelea.